Kata Moja ya Maji: Siku Yetu Shuleni Kisiwani Wasini



Mwezi wa Shaaban una desturi zake kwetu pwani. Watu hutembeleana, waliokosana hupatanishwa, na aliye mbali na jamaa zake hutafuta nauli akawaone kabla ya mwezi wa Ramadhani kuandama. Nasi tulifunga safari ya kwenda Wasini, kisiwa walikozaliwa wazee wa upande wa mama wa mwenzetu wa nyumbani. Shangazi yake mmoja alikuwa ametuma neno kwamba asubuhi ya siku ile wanafunzi wa shule ya msingi ya pale wangewachagua viongozi wao, na kwamba kamati ya wazazi ingefurahi lau mgeni kutoka Mombasa angekuja kuwaombea dua. Tukaitikia. Hatukujua kwamba tulikuwa tunakwenda kusomeshwa.

Tulitoka nyumbani baada ya swala ya alfajiri. Tuliivuka Likoni kwa feri pamoja na wachuuzi wa samaki na wafanyakazi waliokuwa wakianza siku yao, tukapita Ukunda kulipokuwa kumeanza kuchangamka, tukapita Msambweni, tukafika Ramisi penye mashamba ya miwa. Mbele kidogo tuliiacha barabara kuu ya Lunga Lunga, tukashika ile iendayo Shimoni. Jua la kaskazi lilikuwa limeshapanda. Nyasi za kando ya njia zilikuwa zimekauka, na mbuzi walikuwa wamejibanza chini ya miembe wakitafuta kivuli.

Shimoni ni mahali penye mengi ya kukumbukwa. Jina lake limetokana na mapango ya mawe yaliyo karibu na ufuo, ambamo wenyeji husimulia kwamba watumwa walifungiwa wakingoja vyombo vya kuwachukua. Hapo hapo ndipo Kampuni ya Kiingereza, iliyojulikana kwa herufi za IBEA, ilipoweka makao yake mwishoni mwa karne ya 19. Leo gati lina wavuvi, watalii waendao kutazama pomboo na matumbawe ya Kisite, na akina mama wenye vikapu. Tuliteremka ngazi kwa tahadhari, maana maji yalikuwa yanakupwa na mawe yalikuwa na utelezi. Nahodha, kijana mwenye adabu, akampa mama watoto mkono na kumwambia, “Pole pole, mamangu, bahari haina haraka leo.”

Kuvuka si mbali. Ukiwa katikati ya mlango wa bahari unakiona kisiwa kizima kimelala, kijani juu na mawe meupe chini. Wasini haina gari hata moja. Njia zake ni za miguu, zimepita baina ya nyumba za mawe na za udongo, na sauti utakazosikia ni za kuku, za mchi kinuni na za watoto wa chuoni wakikariri. Wenyeji wake ni Wavumba, watu wa lahaja yao na historia yao. Hapo kale madiwani wa Vumba walipigiwa siwa na ngoma, na nguvu zao zilijulikana pande hizi zote hadi mpakani. Makaburi ya kale yangalipo kisiwani, na mtu mwenye moyo hapiti hapo ila atawasomea Fatiha.

Kitu kimoja Mwenyezi Mungu hakukiweka Wasini, nacho ni mto. Hakuna mto wala chemchemi; kisiwa ni jiwe la matumbawe, na ukichimba unakutana na chumvi. Kwa karne nyingi watu wake wameishi kwa maji ya mvua, wakiyakinga kwenye mapaa na kuyahifadhi ndani ya majabia. Shangazi, alipotupokea, alitupa kikombe cha maji kabla hata ya kutuuliza habari za safari. Tulikinywa kwa pumzi tatu, naye akatutazama kama mtu aliyetupa dhahabu. Wakati ule hatukufahamu maana ya mtazamo ule.

Shule iko mbali kidogo na nyumba. Tulipokaribia tulisikia wimbo wa taifa, kwani watoto walikuwa gwarideni. Walisimama kwa mistari, wadogo mbele na wakubwa nyuma, wasichana wakiwa na hijabu nyeupe zilizofuliwa zikang'aa. Mwalimu mkuu, bwana mtulivu asiye mwenyeji wa kisiwa lakini aliyekwisha kuishika lahaja yao, alituonyesha viti chini ya mwarobaini. Wazazi walikuwa wameshajaa. Kina baba waliketi upande mmoja na vikoi vyao, kina mama upande wa pili na mabuibui, na baina yao palikuwa na meza ndogo yenye sanduku la kadibodi lililotobolewa juu. Juu ya sanduku mkono wa kitoto ulikuwa umeandika: KURA.

Hatuna budi kusema kwamba uongozi wa wanafunzi tulioujua sisi ulikuwa wa namna nyingine. Katika udogo wetu kiranja aliteuliwa na mwalimu, na kazi yake ilikuwa kuandika majina ya wapiga kelele. Jina likishaandikwa, kiboko kilikuwa njiani. Kiranja aliogopwa, na aghalabu alikuwa mtoto mkubwa kwa umbo kuliko kwa akili. Viboko vilipigwa marufuku katika shule za Kenya mwaka 2001, na elimu ya msingi ikatangazwa bila ada mwaka 2003, na pamoja na mabadiliko hayo shule nyingi zimewazoesha watoto kujichagulia viongozi wao kwa kura ya siri. Tulikuwa tumelisikia jambo hili, lakini kusikia si kuona.

Kabla ya shughuli kuanza tulitaka kutia udhu. Tuliuliza, tukaonyeshwa tangi kubwa jeusi nyuma ya madarasa, lililokuwa likipokea maji kutoka kwenye mabati. Chini ya mfereji wake palikuwa na ndoo. Tukafungua mfereji kama tuufunguavyo kwetu Mombasa, tukaanza. Tulisukutua, tukaosha uso mara tatu, mikono mara tatu, na maji yakaendelea kumiminika wakati tukikunja kanzu na wakati tukitafuta pa kuweka kofia.

Tukasikia sauti nyuma yetu: “Shikamoo, Shekhe.”

“Marahaba, mwanangu.”

Alikuwa msichana wa Gredi ya 6, mwembamba, ufunguo ukining'inia shingoni mwake kwa uzi. Mkononi alishika kata ya kifuu cha nazi, na kwapani daftari.

“Samahani, Shekhe. Kwetu hapa udhu ni kata moja. Naomba nifunge mfereji, nikutilie.”

Mjumbe mmoja wa kamati alikuwa amesimama karibu. Alimjia juu kabla hatujafumbua kinywa. “We mtoto, una wazimu? Huyu ni mgeni, tena ni shekhe! Nani aliyekufundisha kumkatiza mtu mzima kwenye ibada yake? Rudi darasani, na ufunguo huo utaurudisha leo leo!”

Msichana aliinamisha macho, lakini hakuondoka. Akasema kwa sauti ya chini, “Mwalimu alisema kanuni ni ya wote. Hata yeye hutumia kata moja.”

Ndugu wasomaji, sisi tumesomesha mlango wa tohara kwa zaidi ya miaka ishirini. Tumewaeleza wanafunzi, kizazi baada ya kizazi, kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa akitawadha kwa mudi moja ya maji, nayo ni kiasi kinachoenea katika viganja viwili vilivyounganishwa, chini ya lita moja. Tumewaeleza kwamba israfu imekatazwa hata katika maji ya kutawadhia. Tumeyaeleza hayo tukiwa tumeketi msikitini, mifereji ikitiririka nyuma yetu, na hatujawahi kumwambia mtu yeyote aufunge. Siku ile mtoto wa miaka kumi na miwili alikuja na kifuu cha nazi, akatutaka tuyatende tunayoyasema.

Tulimwambia mjumbe, “Bwana, mwache. Yeye ndiye mwenye haki.” Kisha tukamwambia msichana, “Nitilie, mwanangu.” Tulimalizia udhu kwa ile kata moja, na ilitosha. Miguu yote miwili ililowa, na kata ikabaki na tone la kumwagia mche wa mwembe uliokuwa pembeni.

Tulipomaliza alichungulia ile ndoo ya chini, akafungua daftari, akaandika. Tukamwomba tuone. Lilikuwa daftari la hesabu lenye mistari iliyopigwa kwa rula: tarehe, maji yaliyobaki, maji yaliyotumika, sababu. Mstari wa mwisho, kwa mwandiko mzuri, ulisema: “Mgeni, udhu: lita 6.”

Tukacheka kwa haya, na yeye akacheka kidogo kwa mkono mdomoni. Tukamuuliza hesabu zake zikoje. Hapo akawa mtu mwingine, haya zikamtoka, akatueleza kama karani wa bandari. Kila asubuhi yeye na wenzake wawili hupima tangi kwa fimbo yenye alama. Wiki ile zilikuwa zimebaki lita 4,500. Shule ilikuwa ikitumia lita 150 kwa siku, maana yake maji yangetosha siku 30 za masomo. Lakini hadi shule kufungwa zilikuwa zimebaki siku 36, na masika hayana mkataba na mtu. Wakagawanya wao wenyewe, wakapata lita 125 kwa siku, wakapeleka hesabu kwa mwalimu mkuu, naye akaikubali. Maji ya kuoshea mikono hukingwa ndooni yakanyweshe miche. Watoto wa chekechea na Gredi ya 1 hunywa kwanza.

“Na Ramadhani?” tukamuuliza. “Wakubwa mkifunga, si mtapunguza kunywa?”

“Tumeiacha nje ya hesabu, Shekhe,” akajibu. “Iwe akiba.”

Lita 6 ni vikombe 24 vya mtoto. Hesabu hiyo tuliifanya wenyewe tukirudi kwenye viti, na hatukumwambia mtu.

Uchaguzi ulianza. Wagombea wa kiti cha kiranja mkuu walikuwa watatu, na kila mmoja alikuwa na alama yake, ili hata wadogo wasiojua kusoma vizuri waweze kuchagua: mashua, taa na kata. Kila mmoja alipewa dakika mbili. Wa mashua alikuwa mvulana mrefu, mtoto wa mvuvi, mchezaji hodari, na sauti yake iliwafikia hata waliokuwa nje ya ua. Aliahidi mpira mpya, na watoto wakapiga kelele hadi kuku wakakimbia. Wa taa alikuwa kitoto kifupi chenye miwani, kilichoahidi kwamba hakuna atakayefanya kazi ya ziada gizani, kisha kikasahau maneno yaliyobaki, kikatabasamu, kikashangiliwa kuliko mtu yeyote. Wa kata alikuwa yule msichana wa ufunguo.

Kabla hajasimama, mzee mmoja aliyeketi mbele alinyanyua mkono. Hakuwa mtu wa shari. Tulimjua kwa sifa njema. Akasema, “Mwalimu, utanisamehe. Madhali leo tuna shekhe hapa, naomba atupe neno. Mtoto wa kike kuwa mkubwa wa shule nzima, na mbele ya wavulana, jambo hili limekaaje? Sisi wengine tunaogopa kubeba dhambi kwa ujinga.”

Palinyamaza. Kina mama waliacha kupepea. Msichana alisimama pale pale alipo, kata yake ya karatasi imebandikwa kifuani. Mwenzetu wa nyumbani, kutoka upande wa kina mama, alitutazama kwa jicho moja tu, na jicho lile lilitosha.

Hapa yatupasa tuwaeleze jambo ambalo hatujapata kuliandika. Tuna binti, ambaye leo ni mke wa mtu na mama wa watoto wawili. Alipokuwa darasa la saba walimu wake walimchagua awe dada mkuu wa shule. Alirudi nyumbani mbio, viatu mkononi, akatuambia. Sisi tulikaa usiku ule tukaandika barua kwa mwalimu, kwa heshima na taadhima, tukimwomba amchague mwingine. Tuliandika kwamba haifai. Hatukuandika aya wala hadithi, kwa kuwa hatukuwa nayo. Tulichokuwa nacho ni hofu ya maneno ya watu, hofu tuliyoivika kilemba ikaonekana kama elimu. Binti yetu aliipeleka barua kwa mkono wake. Hakutuuliza kitu, wala hakulia mbele yetu. Mama yake ndiye aliyetuambia, baada ya miaka mingi, kwamba alilia.

Tukasimama. Tulisema, kadiri tunavyokumbuka, maneno haya:

“Wazee wangu na ndugu zangu. Mzee ameuliza swali zuri, na anayeuliza hapotei. Huu hapa si uimamu wa swala. Wala hatumtawazi mtu leo juu ya siwa ya Vumba. Hii ni amana ya watoto: kuhakikisha darasa limefagiwa, mdogo hakuonewa, na maji yamefika mpaka mwisho wa muhula. Mtume wetu ametufundisha kwamba kila mmoja wetu ni mchunga na kila mmoja ataulizwa juu ya alichokichunga, na katika mafunzo hayo alimtaja mwanamke kwa wazi. Bibi Aisha (R.A.) aliwasomesha masahaba na waliokuja baada yao, na wanaume wazima walikwenda mlangoni kwake kuuliza wasiyoyajua. Simulizi za Mvita zetu zinamtaja Mwana Mkisi katika asili ya mji wenyewe. Na hapa kisiwani, njia ile ya mbao inayopita juu ya mikoko na matumbawe wanaiendesha nani, na mapato yake yanasaidia kumlipia nani ada ya shule? Si hawa mama zenu? Basi tusiwanyime mabinti kwa watoto lile tunalolipokea kwa mama zao. Muulizeni kila mgombea jambo moja: amana aliyopewa kabla ya leo, ameilinda vipi? Atakayejibu vizuri mpeni, awe wa kiume au wa kike. Nami nakiri mbele yenu kwamba leo asubuhi mmoja wa watoto hawa amenikuta nafanya israfu ya maji, akanikataza kwa adabu, na alikuwa na haki. Na nakiri kwamba swali hili niliwahi kulijibu vibaya nyumbani kwangu.”

Tuliketi. Yule mzee aliinamisha kichwa akifikiri, kisha akasema, “Basi na tumsikie.” Hakusema zaidi, wala hatukutaka aseme zaidi.

Msichana alitumia nusu ya muda wake. “Sina mpira,” alisema. “Sina kitu cha kuwapa. Mkinichagua mtaendelea kupata kata moja mpaka masika. Lakini hakuna mtoto wa chekechea atakayekosa.” Akarudi mahali pake.

Watoto walipiga kura kwa utaratibu ambao wengi wetu watu wazima tungeuonea wivu. Walipanga foleni, wakachovya kidole katika wino, wakajificha nyuma ya kanga iliyotundikwa kuwa pazia, wakatumbukiza karatasi. Wasimamizi walikuwa wanafunzi. Kila mgombea alikuwa na mwakilishi mezani. Karatasi moja ilikutwa ina alama zote tatu, na baada ya mashauri mafupi ikawekwa kando kuwa imeharibika. Kila karatasi ilionyeshwa juu, ikasomwa kwa sauti, ikaandikwa ubaoni kwa vijistari vitano vitano. Hapakuwa na aliyemshika mwenziwe shati.

Mashua ilishinda. Kata ilishindwa kwa kura 4.

Twasema kweli, moyo wetu uliumia. Tulikuwa tumeshaipanga mioyoni mwetu dua ya kumpongeza. Tukamtazama, macho yalikuwa yamemjaa maji, lakini alikwenda kwa mshindi, akampa mkono wa kheri kwa maneno, kila mmoja akisimama mahali pake. Kisha akaitoa ile kamba shingoni, akauweka ufunguo juu ya meza mbele ya kiranja mkuu mpya, pamoja na daftari. Yule mjumbe wa kamati aliyemkaripia asubuhi alikuwa akitazama.

Mvulana aliuchukua ufunguo, akaugeuzageuza. Akafungua daftari, akasoma ukurasa, akafunua mwingine. Watoto wakaanza kumwimbia, “Mpira! Mpira!” Akanyanyua mkono wakanyamaza.

“Mpira nitautafuta,” alisema. “Lakini mimi hizi hesabu siziwezi. Ufunguo abaki nao yeye.” Akaongeza, akimtazama mwalimu mkuu kwa wasiwasi kidogo, “Kama inaruhusiwa.”

Mwalimu mkuu akasema inaruhusiwa. Kina mama wakapiga vigelegele, na tuliwasikia kina baba wawili watatu wakisema, “Ahsanta, mwanangu.” Yule mjumbe wa kamati akainuka, akaichukua kamba mwenyewe, akamrudishia msichana mkononi. Hakusema kitu. Baadhi ya watu kuomba radhi kwao ni hivyo, na mwenye hekima hupokea kinachotolewa.

Baada ya hapo ilikuwa furaha tupu. Kina mama walileta masinia: wali wa nazi, samaki wa kupaka, mboga pwani iliyochumwa ufuoni, na mkate wa sinia uliokatwa vipande vya kuwatosha wote. Maji ya kupikia kila nyumba ilikuwa imetoa yake, dumu dogo dogo, ili tangi la shule lisiguswe. Tuliambiwa kwamba shauri hilo lilitoka kwa watoto, wakalipeleka kwa wazazi, na wazazi wakaliridhia. Tukala pamoja, sinia baada ya sinia, mwalimu wa bara na mzee wa Kivumba, mvuvi na mlinzi wa shule. Kisha maalimu wa madrasa ya kijiji akawasomesha watoto kasida, na tukaomba dua tuliyoalikwa kuiomba. Tuliwaombea viongozi wote, waliochaguliwa na wasiochaguliwa, na tukaomba masika yaje kwa kheri.

Alasiri maji yalikuwa yamejaa, na boti ikaja mpaka karibu. Kisiwa kilipoanza kuwa kidogo nyuma yetu, mama watoto alitoa simu kwenye mkoba, akatupa bila kutwambia tumpigie nani.

Binti yetu alipokea. Tukasalimiana, tukaulizana hali za wajukuu. Kisha tukamwambia habari ya siku ile kwa ufupi, na mwisho tukamuuliza kama anaikumbuka ile barua.

Alinyamaza kidogo. Upepo ulikuwa mwingi, tukadhani simu imekatika.

“Naikumbuka, Baba,” alisema. “Nilikuwa nimeshaiandika hotuba. Ukurasa mmoja.”

Tukamwomba radhi. Ilikuwa mara ya kwanza kumwomba mtoto wetu radhi kwa jambo tulilolifanya kwa jina la dini bila ya elimu ya dini. Akasema, “Baba, hayo ni zamani, Allah atusamehe sote.” Kisha akatuambia kwamba bintiye mkubwa ametajwa kuwa msimamizi wa darasa lake, na alikuwa bado anatafuta namna ya kutuambia babu yake.

Wazazi wenzetu, tumeyaandika haya kwa sababu msimu wa kuchaguana viongozi shuleni huja kila mwaka, na kila mwaka mtoto wa mtu hurudi nyumbani mbio na viatu mkononi. Tumsikilize kabla ya kushika kalamu ya barua. Tukiwa na hoja ya sheria, tuiseme kwa dalili yake. Tukiwa na hofu tu, tuiite kwa jina lake. Mtoto akipewa amana, iwe ni ufunguo wa tangi, kitabu cha mahudhurio au kumsindikiza mdogo wake chuoni, amepewa mlango wa kujifunza kwamba ataulizwa. Asiyejifunza hilo utotoni hujifunza ukubwani, tena kwa gharama ya watu wengi.

Na shule zetu tusiziache mikononi mwa walimu peke yao. Siku ile hakuna aliyekuja na mamilioni. Mmoja alileta sinia, mmoja alileta dumu la maji, mmoja alileta kanga ya pazia, na sisi tulileta dua na lita 6 za deni. Deni lile tumeanza kulilipa. Msikitini kwetu sasa pana kata kando ya mfereji, na darasa la tohara tunalisomesha hapo hapo, mfereji ukiwa umefungwa.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awahifadhi watoto wa Wasini na watoto wetu wote, awajaalie kuwa wachunga wema wa walichopewa, atufikishe Ramadhani salama na atuteremshie mvua yenye manufaa. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.